Shizuoka, mji ambako malori hujengwa juu ya meza

Treni ya mwendo kasi kutoka Tokyo kuelekea magharibi huchukua takriban saa moja kufika Shizuoka, kama msafiri amepanda ile isiyosimama kila kituo. Kama hali ya hewa ni nzuri, Mlima Fuji wenye urefu wa mita 3,776 huonekana dirishani upande wa kulia. Baada yake huja mashamba ya chai, kisha nyumba za ghorofa, kisha kituo. Treni nyingine zenye haraka zaidi hupita hapo bila kusimama. Ni mji wa kawaida wa Japan, wenye wakazi zaidi ya 650,000, na mgeni asiyejua anaweza kuupita bila kushuka.

Anayeshuka hukutana na kitu cha ajabu mitaani. Kuna kisanduku cha posta ambacho hakijaunganishwa. Vipande vyake, mlango, kofia na miguu, vimeshikiliwa ndani ya fremu moja kubwa, kama vile mtu anasubiriwa avikate na kuvipachika. Si mbali sana kuna kibanda cha simu cha namna hiyo hiyo. Manispaa ilianza kusimamisha sanamu hizi mwaka 2021, na kila mtoto wa mji huo anajua zinaiga nini. Zinaiga vipande vya plastiki vinavyokuja ndani ya boksi la gari, meli au ndege ya mfano, vikiwa bado vimeshikana na fremu yake.

Huu ndio mji mkuu wa kazi hiyo nchini Japan. Mkoa wa Shizuoka hutoa zaidi ya asilimia 80 ya modeli za plastiki zinazotengenezwa nchini humo. Kampuni za Tamiya, Aoshima na Fujimi zina makao yake mjini, Hasegawa iko Yaizu, mji jirani, na Bandai ina kiwanda chake hapo hapo.

Kwa mzazi wa Dar es Salaam, Mbeya au Mombasa, jambo hili linaweza kuonekana la mbali. Lakini ndani ya maboksi hayo kuna magari anayoyajua vizuri kuliko wageni wengi wanaofika Shizuoka. Kuna Fuso, kuna Kenta, kuna Isuzu na Hino. Ni malori yale yale yanayobeba nyanya, saruji na mitumba barabarani kwetu, yakiwa yamefanywa madogo kiasi cha kukaa juu ya meza ya chakula.

Mafundi wa mbao waliobaki

Wenyeji hupenda kuanza hadithi yao mbali. Mwaka 1607, Tokugawa Ieyasu, mtawala aliyeiunganisha Japan, alihamia hapa baada ya kumwachia mwanawe madaraka, akaishi katika ngome ya Sunpu hadi alipofariki mwaka 1616. Ngome, makaburi na mahekalu ya ukoo wake yalihitaji maseremala, wachongaji na wapaka rangi. Kuanzia mwaka 1804, hekalu la Sengen lilijengwa upya, kazi iliyochukua takriban miaka 60. Mafundi walikuja, wakazaa, wakafundisha watoto wao. Mji ukajulikana kwa samani, masanduku na vyombo vya mbao.

Kutoka mbao hadi vitu vya kuchezea haikuwa safari ndefu. Mwaka 1924, rubani Jiro Aoshima alianzisha karakana iliyokuja kutengeneza ndege ndogo za mbao, na jina lake bado liko kwenye maboksi ya malori leo. Mwaka 1946, mara tu baada ya vita, Yoshio Tamiya alifungua biashara ya kupasua mbao. Mwaka 1951 moto uliteketeza shehena yake. Familia ikageukia modeli za mbao, ambazo hazikuhitaji magogo mengi.

Kisha ikaja plastiki kutoka Marekani. Watoto hawakutaka tena mbao. Mwaka 1960 Tamiya ilitoa modeli yake ya kwanza ya plastiki, meli ya kivita ya Yamato, lakini mshindani mmoja akatoa meli hiyo hiyo kwa bei ya chini, na ile ya Tamiya ikadoda. Kampuni ilinyanyuka na modeli zilizofuata. Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwanzilishi, aliiongoza kwa miongo mingi hadi jina lake likajulikana na watoto wa mabara yote. Alifariki Julai 2025 akiwa na miaka 90.

Katika makao ya Tamiya kuna ukumbi wa maonyesho ambako wageni huona modeli za zamani pamoja na magari halisi ya mashindano. Karibu na kituo cha treni, upande wa kusini, kuna jengo lenye ukumbi uitwao Hobby Square, unaoonyesha kazi za kampuni za mji huo. Na kila Mei, katika kumbi za Twin Messe, hufanyika maonyesho makubwa ya siku kadhaa ambayo wapenzi wa kazi hii husafiri kutoka nchi nyingi kuyahudhuria.

Lori la mita 12 ndani ya boksi

Boksi la lori likifunguliwa, mtoto huwa na maswali kabla hajawa na furaha. Hakuna lori ndani. Kuna fremu kadhaa za plastiki zenye vipande vingi sana, matairi ya mpira, karatasi ya stika, na kitabu cha maelekezo chenye michoro mingi kuliko maneno.

Vipande hivyo vilianza kama punje za plastiki. Mashine huziyeyusha na kuzisukuma kwa nguvu ndani ya umbo la chuma lililochongwa kwa uangalifu mkubwa. Plastiki ikipoa, umbo hufunguka na fremu hutoka nzima. Umbo hilo la chuma ndilo gharama kubwa. Kosa la nusu milimita litarudiwa katika kila boksi litakalouzwa.

Malori mengi ya Aoshima hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa thelathini na mbili. Maana yake, kila sentimita moja mezani ni sentimita 32 barabarani. Sheria ya Japan hairuhusu lori la kawaida kuzidi mita 12 kwa urefu na mita 2.5 kwa upana. Kwa hiyo lori refu kabisa litakuwa na sentimita 37 na nusu mezani, na upana wa karibu sentimita 8. Dereva mwenye urefu wa mita 1.7 atakuwa na sentimita 5 na kidogo. Mtoto wa darasa la tano anayelia akiona somo la uwiano atalifanya hesabu hili mwenyewe, bila kuombwa, akitaka kujua kama kontena alilotengeneza kwa boksi la viatu litaenea.

Kazi yenyewe ina mpangilio. Kipande hukatwa kwenye fremu kwa koleo ndogo. Palipobaki kidonda husuguliwa kwa msasa mpaka pawe laini. Huanza chasisi, kisha ekseli na matairi, kisha injini, kisha kichwa cha lori, na mwisho bodi. Anayeruka hatua hugundua baadaye kuwa usukani hauingii kwa sababu dashibodi tayari imefungwa. Hakuna wa kulaumu, na hakuna kitufe cha kurudia. Inabidi kubandua polepole na kuanza tena.

Hapo ndipo wazazi wengi wa Kijapani huona faida. Mtoto hujifunza kusoma maelekezo, kusubiri gundi ikauke, na kuvumilia kosa lake mwenyewe. Vidole vyake hujifunza kushika kitu kidogo bila kukivunja. Ni stadi zile zile anazozihitaji akishika kalamu, sindano au bisibisi.

Malori yanayong'aa kama harusi

Wanaoridhika na lori kama lilivyo kwenye picha ya boksi ni wengi. Lakini katika maonyesho ya Mei, meza zinazovuta watu ni za wale waliolibadilisha.

Japan ina utamaduni wa malori yaliyopambwa, yaitwayo dekotora. Inasimuliwa kwamba yalianza kwa madereva waliosafirisha samaki kutoka kaskazini mashariki mwa nchi. Chumvi ilikula bodi za malori yao, wakaziba kwa vipande vya mabasi ya zamani na chuma kinachong'aa, na urembo ukaota juu ya ukarabati. Mwaka 1975 ilitoka filamu ya Torakku Yaro, ikiwa na mwigizaji Bunta Sugawara, na hadi mwaka 1979 zilikuwa zimetoka filamu 10. Madereva nchi nzima wakaweka taa za rangi, bampa kubwa kama jukwaa, na michoro ya mawimbi na joka kwenye bodi. Aoshima nayo ikaanza kuyatoa malori hayo kama modeli.

Mkenya hahitaji kuelezwa zaidi. Anayeijua matatu ya Nairobi yenye taa za buluu na picha za wanamuziki anaelewa kwa nini dereva wa Japan alitumia mshahara wake kwenye bampa. Gari ni sehemu ya kazi, na pia ni uso wa mwenye kazi.

Mezani, fundi wa dekotora hukata kichwa cha lori na kukirefusha kwa bapa za plastiki. Huchukua bampa ya boksi moja na taa za boksi jingine. Hupitisha waya mwembamba ndani ya chasisi ili taa ndogo ziwake kweli. Wengine huenda kinyume kabisa. Hupaka lori vumbi, kutu na matope, mpaka lionekane limetoka safari ya siku tatu. Wanaopenda malori ya Ulaya hununua Scania na Volvo za kampuni ya Italeri ya Italia, katika kipimo cha moja kwa ishirini na nne, na kuzifanyia hayo hayo. Dereva wa njia ya Tunduma akiziona atajua mara moja kama matope yamepakwa mahali panapostahili, nyuma ya matairi, au yamerushwa ovyo na mtu asiyewahi kuendesha.

Baba aliye njiani

Katika kumbi za Twin Messe, wengi wanaosimama nyuma ya meza zao ni wanaume wa makamo na wazee. Walianza wakiwa watoto, wakaacha walipooa, wakarudi watoto walipokua. Vijana ni wachache. Mwaka 2024 Japan ilisajili watoto wachanga chini ya 700,000, idadi iliyokuwa ndogo kuliko miaka yote iliyotangulia tangu takwimu hizo zianze kuwekwa. Mji unaoishi kwa kuuza boksi kwa watoto hauwezi kupuuza habari hiyo. Ndiyo maana maonyesho yametenga muda wa wanafunzi, na manispaa imesimamisha kisanduku cha posta kwenye fremu.

Kuna upungufu wa aina nyingine pia. Madereva wenyewe wa malori wanapungua na kuzeeka. Kazi yao ilikuwa na saa nyingi mno, na magonjwa ya moyo na kiharusi yaliwaandama. Tangu Aprili 2024, sheria ya Japan haimruhusu dereva wa lori kufanya kazi ya ziada kwa zaidi ya saa 960 kwa mwaka. Wenye biashara walilalamika kwamba mizigo itachelewa. Upande wa pili wa hesabu hiyo ni nyumba ambamo baba atarudi kabla mtoto hajalala.

Familia za madereva wa Afrika Mashariki zinaijua hesabu hii bila kuambiwa. Kutoka Dar es Salaam hadi mpaka wa Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na foleni ya mpakani huongeza siku. Mtoto humjua baba kwa sauti ya simu. Anajua anaendesha lori, lakini hajui lori lina gea ngapi, tela hufungwaje, wala kwa nini baba huamka usiku kukagua matairi. Lori dogo juu ya meza, liwe la plastiki kutoka Shizuoka au la boksi la sabuni, ni njia ya kumuuliza. Na baba anayerudi amechoka, asiyejua aanzie wapi kuzungumza na mtoto aliyekua bila yeye, hupata pa kuanzia. Atasema tu kwamba hapo nyuma pamekosewa, tanki la mafuta haliko upande huo.

Gundi si ya mchezo

Kuna jambo moja ambalo mzazi hapaswi kulipita haraka. Gundi ya modeli haibandiki kama gundi ya karatasi. Inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili, na pande hizo huungana zikikauka. Kinachoyeyusha ni kemikali inayotoa mvuke, na mvuke huo ukivutwa huleta kizunguzungu, kichefuchefu na kuumwa kichwa.

Japan ililijua hilo kwa uchungu. Miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, vijana wengi walinusa gundi na vimiminika vya kuyeyushia rangi ili walewe, na wengine walikufa. Mwaka 1972 sheria ya sumu ilirekebishwa ili kukataza matumizi hayo. Miji yetu bado inaliona tatizo hilo kwa watoto wa mitaani wanaotembea na chupa ya gundi ya viatu chini ya pua. Kemikali hizo huharibu ubongo, moyo na figo, na kunusa mara moja tu kunaweza kusimamisha mapigo ya moyo.

Mtoto anayebandika bampa hayuko katika hatari hiyo akisimamiwa. Dirisha liwe wazi na meza iwe karibu nalo. Chupa ifungwe kila baada ya kutumika, na ikae kwa mtu mzima. Rangi za kupuliza zitumike nje, mwenye kupuliza akiwa na barakoa inayofaa, na rangi za maji zipewe nafasi ya kwanza. Kwa wanaoanza, ziko modeli za kubana tu, ambazo vipande vyake hushikana bila gundi kabisa. Hizo ndizo zinazomfaa mtoto wa miaka minane au tisa.

Kisu chenye makali kishikwe na mzazi mpaka mtoto atakapoonyesha anajua kukata kuelekea mbali na vidole vyake. Vumbi la msasa lifutwe kwa kitambaa chenye maji, lisipulizwe kwa mdomo. Na kama ndani ya nyumba kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, vipande visiachwe mezani hata kwa dakika moja. Tairi la lori dogo lina ukubwa unaotosha kuziba koo lake.

Bila boksi la Japan

Boksi la Shizuoka si rahisi kulipata madukani kwetu, na anayeliagiza atalipia usafiri. Lakini watoto wa Afrika Mashariki hawakusubiri boksi. Wametengeneza malori ya waya yenye usukani mrefu, malori ya makopo ya mafuta, na matairi ya ndala zilizokatika yanayozunguka kwenye kijiti. Wengi wa wazazi wanaosoma ukurasa huu waliyasukuma magari hayo wakiwa peku, na wengi waliyaona yakitupwa na mama siku ya usafi.

Kinachoweza kuchukuliwa kutoka Shizuoka ni kipimo. Mzazi na mtoto watoke na utepe wa kupimia, wapime Kenta iliyoegeshwa mtaani kwa ruhusa ya mwenye gari, kisha wagawanye kila kipimo kwa 20. Lori la mita 5 litakuwa na sentimita 25. Boksi la maziwa litatoa kichwa, boksi la viatu litatoa bodi, na ndala ya zamani itatoa matairi. Likikamilika, litafanana na lile la mtaani, na mtoto atajua kwa nini.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka miwili hadi minne asizidi saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba wenye miaka 5 hadi 17 wapate angalau dakika 60 za kuchezesha mwili kila siku. Lori la mezani halitoshelezi ushauri wa pili. Hata kazi nzuri ikifanywa kwa kukaa inabaki kukaa, na macho yanayotazama karibu yanahitaji kupumzishwa kwa kutazama mbali. Saa moja mezani ifuatwe na mpira uwanjani. Lori litasubiri, na gundi itakuwa inakauka.

Jioni, Shizuoka hutulia mapema. Wafanyakazi hupita mbele ya kisanduku cha posta bila kukitazama, kwa kuwa wamekizoea. Barua zinazotumbukizwa humo hufika kama kawaida. Mtoto aliyeshikwa mkono na mzazi wake hugeuka kukitazama mara nyingine, akihesabu vipande vinavyosubiri kukatwa.